Kabla Kamera Haijafika: Kumpata Mtu wa Kukuandikia Hataza

Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti mbele ya mafundi wa jua kali, walimu wa sayansi na wanafunzi wa vyuo vya ufundi

  

Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Biashara, maafisa wenzangu, wazee wetu mafundi, walimu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kuniita. Wengi wenu mnanijua kwa kamera kuliko kwa maneno. Mimi ndiye ninayefika kwenye karakana zenu na kuwaomba mwashe mashine nipige picha, na kabla ya magharibi picha hiyo iko kwenye Facebook ya kaunti. Leo nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloigusa kamera hiyo moja kwa moja. Mtu akibuni kitu kipya, amwendee nani amsaidie kukilinda, na amwendee lini?

Swali la "lini" ndilo jepesi, kwa hivyo nianze nalo. Mwendee kabla sijafika mimi.

Hataza ni haki ambayo serikali inampa mbunifu kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasitumie ubunifu wake bila idhini yake. Hapa Kenya inatolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, ile tunayoiita KIPI, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Inadumu miaka 20 tangu siku uliyowasilisha ombi. Lakini haitolewi bure, na sisemi juu ya ada peke yake. Serikali inakuambia: tukupe ulinzi wa miaka 20, nawe utueleze kazi yako yote, wazi, kiasi kwamba fundi mwingine akisoma maelezo yako anaweza kuitengeneza. Baada ya miezi 18 ombi lako linachapishwa na kila mtu anaweza kulisoma. Miaka ikiisha, ubunifu ni wa umma. Ni biashara ya kubadilishana, na kama ilivyo katika biashara yoyote, asiyejua kuandika mkataba hupunjwa.

Sharti la kwanza la hataza ni kwamba kitu kiwe kipya, na upya huo unapimwa kwa dunia nzima. Haitoshi kwamba hapa kwetu hakijawahi kuonekana. Na kitu ulichokionyesha mwenyewe hadharani, kwenye maonyesho ya kilimo, kwenye mashindano ya sayansi ya shule, kwenye televisheni au kwenye ukurasa wa kaunti, nacho kinahesabiwa kwamba kimejulikana. Sheria yetu ina huruma kidogo hapa: ukikionyesha mwenyewe, una miezi 12 ya kuwasilisha ombi bila kuhukumiwa na maonyesho yako. Lakini huruma hiyo ni ya hapa nyumbani. Nchi za Ulaya kwa kawaida hazina nafasi kama hiyo. Halafu kuna jambo la pili. Watu wawili wakibuni kitu kimoja kila mtu kivyake, haki inakwenda kwa aliyetangulia kuwasilisha ombi. Aliyetangulia kufikiri, au kupigwa picha na afisa wa habari, hana lake.

Kwa hivyo nikija karakanani kwako na kamera, niulize mimi kwanza ninataka kupiga picha ya nini. Na mimi nitakuuliza: umeshawasilisha ombi? Kama bado, nitakupiga picha ukiwa umesimama mbele ya mlango, ukitabasamu, na mashine iwe imefunikwa turubai. Picha ya pili inaweza kusubiri. Walimu mnaopeleka wanafunzi kwenye mashindano ya sayansi na uhandisi, nawaomba mliweke swali hilohilo kwenye maandalizi yenu, maana mtoto wa kidato cha tatu hatalikumbuka.

Sasa nije kwenye swali la "nani".

Mkenya anayeishi Kenya halazimishwi na sheria kuwa na wakala. Unaweza kuchukua fomu za KIPI, ukazijaza, ukachora michoro yako, ukalipa ada na kupewa namba. Anayelazimishwa kuwa na wakala ni mwombaji anayeishi nje ya nchi. Najua baadhi yenu mmelisikia hilo na mmeshaanza kupiga hesabu ya pesa mtakazookoa. Msipige hesabu hiyo bado. Nipeni dakika chache niwaeleze wakala anafanya nini hasa, kwa mfano wa nazi.

Tuseme kuna kijana hapa amechoka kumwona babake akifua nazi kwa kifuo. Wote tunakijua kifuo, ile ncha ya chuma iliyosimikwa chini, na tunawajua watu waliojichoma nayo. Kijana akatengeneza kifaa chenye taya mbili za chuma. Unasimamisha nazi, unakandamiza taya ziingie kwenye makumbi, unakanyaga kanyagio, taya zinatanuka na kulibandua kumbi. Na akaongeza kitu kimoja: springi inayozisimamisha taya pindi zinapogusa kifuu, ili kisipasuke.

Akiandika ombi mwenyewe, kwa furaha aliyonayo, ataandika moja kati ya mambo mawili. Pengine ataandika kwamba anadai "kifaa cha kufulia nazi". Hilo litakataliwa. Huko Kerala, jimbo la India lenye minazi kama mchanga, chuo kikuu chao cha kilimo kilishabuni zamani kifaa cha kufulia nazi kinachotumia wenzo, na mkaguzi wa KIPI atakipata kwa dakika chache kwenye kompyuta. Au ataandika kile hasa alichokichomelea: "springi ya chuma ya sentimita 12 iliyofungwa kwenye taya ya kushoto". Hilo linaweza kupita. Atapata cheti, atakitia kwenye fremu, atakitundika ukutani. Wiki ya pili jirani yake atatengeneza kifaa hichohicho, lakini badala ya springi atatumia kipande cha mpira wa tairi kuukuu, na atakifunga upande wa kulia. Kijana atakwenda mahakamani na cheti chake, na ataulizwa: ulidai nini? Springi. Huyu ana springi? Hana. Basi nenda nyumbani.

Wakala anayeijua kazi yake atakaa na kijana huyo na kumuuliza maswali mpaka achoke. Taya zilikuwepo kabla yako? Zilikuwepo. Kanyagio? Lilikuwepo. Kipya ni nini? Ni ile springi. Springi inafanya kazi gani? Inazuia kifuu kisipasuke. Je, kuna kitu kingine kinachoweza kufanya kazi hiyo? Hapo kijana anafikiri, anasema, mpira labda, au uzito unaoning'inia. Sasa wakala anaandika dai kwamba huu ni ubunifu wa kifaa cha kufulia nazi chenye taya zinazotanuka, pamoja na kizuizi kinachosimamisha taya zinapofika kwenye kifuu. Chini yake anaongeza madai madogo: kizuizi hicho kikiwa springi, kikiwa mpira, kikiwa uzito. Mkaguzi akilikataa lile kubwa kwa kupata kitu cha kale kinachofanana nalo, bado kuna madogo ya kuegemea. Jirani na kipande chake cha tairi sasa yumo ndani ya uzio.

Madai hayo, yaani ile sehemu ya mwisho ya maandishi inayosema mpaka wa haki yako uko wapi, ndiyo unayomlipa wakala akuandikie. Michoro unaweza kuchora mwenyewe. Fomu unaweza kujaza mwenyewe. Madai ni kama mawe ya mpaka ya shamba. Ukiyaweka karibu mno na nyumba yako umejinyima, na ukiyaweka ndani ya shamba la mwenzako yatang'olewa. Na kuna ugumu mmoja: ukishawasilisha ombi, huwezi kurudi baadaye na kuongeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye maelezo ya kwanza. Ndiyo maana wale wanaosema "nitawasilisha mwenyewe kwanza, nikipata pesa nitamtafuta mtaalamu arekebishe" wananitia wasiwasi. Mtaalamu atakuta milango mingine imeshafungwa.

Mahakama zetu nazo zinafuata maneno hayo. Mmoja wa mivutano mirefu ya hataza nchini ulihusu pipa la usafi linalofunguliwa kwa mguu, kati ya kampuni ya Sanitam na Rentokil. Kesi hiyo ilifika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo ilitoa uamuzi mwaka 2006. Pipa la kukanyaga! Mtu angesema hiki ni kitu kidogo. Na mashauri ya baadaye juu ya hataza hiyohiyo yaliingia mpaka kwenye swali la kama ada zake za kila mwaka zilikuwa zimelipwa. Nitarudi kwenye ada hizo.

Unampata wapi mtu wa namna hii? KIPI ina orodha ya mawakala iliowakubali kufanya kazi mbele yake. Iombeni orodha hiyo, na hakikisheni jina la mnayezungumza naye limo. Msiridhike na kadi ya biashara. Wengi katika orodha ni mawakili wa mahakama. Hapa nitasema jambo ambalo mawakili waliomo humu ndani watanisamehe: wakili mzuri wa mashamba na mirathi si lazima awe mtu wa kukuandikia madai ya mashine. Mtafute anayeielewa mashine. Kuna mawakala waliosomea uhandisi, kemia au famasia kabla ya kuingia kwenye kazi hii. Kama ubunifu wako ni dawa ya mifugo, wakala aliyezoea pampu za maji atajifunza kwa gharama yako.

Siku ya kwanza ya kukutana naye, usiende kusikiliza tu. Nenda kama mtu anayemwajiri fundi, maana ndicho unachofanya. Muulize ameandika maombi mangapi mwenyewe, kwa mkono wake, na yalihusu vitu gani. Hataza zilizotolewa ni hati za umma, kwa hivyo mwombe akuonyeshe moja aliyoiandika na uisome. Huhitaji kuielewa yote. Angalia tu kama mtu wa kazi yako akiisoma ataelewa kitu kilivyo. Muulize kama ni yeye atakayeandika au atampa mwanafunzi wake. Muulize kama anamwakilisha mtu mwingine anayetengeneza kitu kama chako. Na kabla ya kufungua mfuko na kutoa michoro, tieni sahihi mkataba mfupi wa kutunza siri. Wakili wa mahakama anafungwa na siri ya mteja kwa kazi yake, lakini karatasi haimdhuru mtu.

Ishara moja njema ni wakala anayekuambia, "Subiri, tutafute kwanza." Kabla ya kuandika neno, anapaswa kutafuta kama kitu chako kiko tayari mahali fulani. Nanyi mnaweza kumsaidia na kupunguza gharama. Patentscope, ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, yaani WIPO, na Espacenet ya Ulaya ni hazina za hataza zinazosomwa bure kwenye intaneti. Kaa kwenye maktaba jioni tatu, andika maneno ya kazi yako, tazama michoro. Utakutana na vitu vitakavyokukatisha tamaa. Afadhali uvione wewe leo kuliko mkaguzi avione mwaka ujao ukiwa umeshalipa.

Wakala anayekuambia mara moja kwamba ubunifu wako ni wa ajabu na utakufanya milionea, bila kutafuta, ondoka ofisini kwake. Vilevile jihadharini na makampuni yanayotangaza kwamba yatakuandikia hataza, yatakutafutia soko na yatakuletea wawekezaji, yote kwa malipo makubwa ya mwanzo. Hiyo ni kazi tatu tofauti, na mara nyingi hakuna hata moja inayofanywa vizuri. Na yeyote anayekuomba sehemu ya umiliki ili akujazie fomu, muulize ni kwa nini fundi aliyekujengea nyumba hakukuomba chumba kimoja.

Kuhusu pesa, mambo matatu. Bei iandikwe, na itenganishwe: ada za KIPI ni zipi na malipo ya wakala ni yapi. Ada za KIPI zimepangwa na kutangazwa, kwa hivyo unaweza kuzihakiki mwenyewe. Wakala akikuambia ni mara mbili ya hizo, una la kumuuliza. Lipeni kwa awamu, kulingana na kazi: utafutaji, uandishi, uwasilishaji, kisha majibu kwa mkaguzi. Na baada ya kuwasilisha, daini risiti yenye namba ya ombi na tarehe. Tarehe hiyo ni mali. Bila namba huwezi kufuatilia chochote, na mtu anayekuambia "faili iko Nairobi, usijali" miezi sita mfululizo bila kukupa namba, jali.

Tazama pia majina kwenye fomu. Kuna jina la mbunifu na kuna jina la mwombaji, yaani mwenye haki. Nimekaa na mafundi wengi ambao hawakujua kwamba ni vitu viwili. Jina lako kama mbunifu ni haki yako. Mwenye haki naye anaweza kuwa wewe, chama chenu cha ushirika, au mwajiri wako. Kwa wale mlioajiriwa, wakiwemo wafanyakazi wa kaunti katika hospitali na karakana zetu, sheria inasema kwamba ubunifu uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Ukibuni kitu kisichohusiana na kazi yako, kwa muda wako na vifaa vyako, ni chako. Katikati ya hayo mawili kuna ukungu mwingi, na hilo ni swali zuri la kumpelekea wakala kabla ya kumpelekea bosi.

Sasa zile tarehe. Hataza ya Kenya inakulinda Kenya. Fundi wa Arusha au Kampala anaweza kuiga kesho na hatakuwa amevunja sheria. Ukitaka ulinzi huko, una miezi 12 tangu ulipowasilisha hapa kupeleka ombi nchi nyingine na bado uhesabiwe tarehe yako ya kwanza. Kwa majirani zetu njia mojawapo ni ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja Uganda, Tanzania na Rwanda pamoja. Miezi hiyo 12 ikipita, umechelewa. Kisha ndani ya miaka mitatu tangu kuwasilisha lazima uombe ombi lako likaguliwe kwa undani. Usipoomba linahesabiwa kwamba limeachwa. Watu wengi hudhani kuwasilisha ni kumaliza, wanakaa wakisubiri barua. Na kuna ada ya kila mwaka ya kuiweka hataza hai. Usipolipa, inakufa, na kila mtu anaweza kutumia kazi yako bure. Mkataba wako na wakala useme wazi ni nani anayeziangalia tarehe hizi. Hata ukisema ni yeye, ziandike na wewe ukutani karakanani, kwa chaki nyeupe, juu ya mahali unapotundika ufunguo.

Kuna swali ambalo najua linasubiri: na asiyekuwa na pesa? Kuna mpango wa WIPO wa kuwasaidia wabunifu wasio na uwezo, ambao Kenya imo, unaowaunganisha na mawakala wanaojitolea bila malipo. Ada za serikali bado ni zako, lakini uandishi ambao ndio ghali unapata bure. Waulizeni KIPI namna ya kuomba. Vyuo vikuu kadhaa vina ofisi za miliki bunifu zinazoweza kukuongoza, hasa ukishirikiana na mwalimu wa huko. Na kwa mafundi wengi wa jua kali, mimi naona njia inayosahaulika ni cheti cha modeli ya matumizi, ambacho nitakiita hataza ndogo. Hiki hakidai ule ubunifu mkubwa. Kinatosha kuwa kipya na chenye matumizi. Kinadumu miaka 10 tangu kitolewe na hakirefushwi. Kwa jiko lililoboreshwa au kikokoteni chenye ekseli bora, mara nyingi hicho ndicho kinachofaa, na wakala mwaminifu atakuambia hivyo ingawa malipo yake yatapungua.

Wengine hamhitaji hataza kabisa. Kama bidhaa yako itabadilika kila msimu, au siri yake haionekani hata mtu akiifungua, kama mchanganyiko fulani wa achari, pengine kufunga mdomo ni bora na ni bure. Kama unachotaka kulinda ni jina na nembo, hiyo ni alama ya biashara, fomu nyingine na pesa kidogo zaidi. Wakala wa kweli hulipwa pia kwa kukuambia usifanye.

Sasa niko tayari kwa maswali, na wenzangu wa Idara ya Biashara watajibu yale yanayonishinda. Ombi moja tu. Humu ndani tuko wengi, na milango iko wazi. Ukiuliza, uliza juu ya taratibu. Usitueleze mashine yako inafanyaje kazi, na nyinyi wawili hapo mbele mlioanza kukunjua michoro, ikunjeni tena. Mzee wangu aliyevaa kofia, karibu, uliinua mkono kwanza.